Queens, New York: siku tatu za kula kando ya treni namba 7, tupangeje?

Sufuria_Safarini

Wakuu, salaam kwenu. Mwezi wa sita tutakuwa wawili New York, na tumetenga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa ajili ya kula wilaya ya Queens peke yake. Najua karibu nusu ya wakazi wa Queens wamezaliwa nje ya Marekani, na mitaa yake ya Jackson Heights na Flushing naijua kwa majina. Shida ni kwamba orodha za mtandaoni zinataja migahawa ileile kumi, na hazisemi uende saa ngapi, uanze na nini, wala kinaliwaje.

Masharti yetu ni haya: mmoja hali nguruwe kabisa, hata mafuta yake. Wa pili ana mzio wa karanga. Bajeti ni dola 50 kwa kila mtu kwa siku, chakula tu. Tunalala karibu na Times Square, na kutembea kwa miguu si tatizo.

Naomba mpangilio na makosa ya kuepuka. Na kama kuna vyakula ambavyo mtu aliyezoea chapati, pilau na muhogo atavielewa haraka, vitajeni pia.

Mama_Upawa

Karibu ndugu. Panga saa kwanza, mitaa baadaye. Chakula kingi cha Queens kina saa yake. Ukikosea saa, mtaa utaukuta lakini chakula kitakuwa kimeisha. Saa zote hapa nahesabu Kiswahili, yaani saa kumi na mbili asubuhi ndiyo 6:00 ya kwenye simu.

Nianze na usafiri, maana wengi wanaharibikiwa hapo. Treni namba 7 ziko mbili. Yenye alama ya duara inasimama kila kituo. Yenye alama ya almasi ni ya haraka na inaruka vituo, na siku za kazi inakimbia upande mmoja tu: asubuhi kuelekea Manhattan, mchana na jioni kuelekea Flushing. Ukiipanda jioni ukitaka 74 St–Broadway, utapitishwa. Inasimama Woodside, kisha Junction Boulevard. Dawa yake ni kushuka Woodside na kuingia ya duara. Au iache kabisa 7, uingie treni ya E pale 42 St–Port Authority (imeunganishwa na Times Square kwa njia ya chini kwa chini), ushuke Jackson Heights–Roosevelt Av. Kituo ni hichohicho cha 74 St, E ikiwa chini ya ardhi na 7 ikipita juu. Wikendi reli hufanyiwa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo soma matangazo ya MTA (shirika la usafiri la New York) usiku wa kuamkia safari. Kulipa ni kugonga kadi ya benki au simu getini. Ukitumia kadi ileile, kuhamia basi ndani ya saa mbili hulipi tena.

Anwani za Queens nazo zina namna yake. Ukiona 82-10 Roosevelt Avenue, namba iliyo kabla ya kistari inakutajia mtaa unaokata: jengo liko baada tu ya kona ya 82nd Street. Na 37th Avenue si 37th Road. Ni barabara mbili jirani, kwa hiyo andika jina zima kwenye ramani ya simu.

Sasa chakula. Asubuhi, kuanzia kama saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu, simama chini ya reli ya Roosevelt Avenue, kati ya 82 St na 103 St. Kwenye ngazi za vituo utawakuta akina mama wa Kimeksiko na vigari vya sokoni, juu yake maboksi yale ya kutunzia barafu. Hapa yanatunza moto. Ndani kuna tamales: unga wa mahindi uliokandwa na mafuta, ukajazwa nyama au jibini, ukafungwa kwenye ganda kavu la hindi na kupikwa kwa mvuke. Ganda haliliwi. Lifungue: tamal iliyoiva inabanduka yenyewe na kuacha ganda safi. Ikinata, ama haijaiva ama imetolewa jikoni kabla ya kutulia.

Usitegemee ladha ya ugali. Mahindi yake yamechemshwa kwanza na chokaa, ngozi ya punje ikatoka, ndipo yakasagwa yakiwa bado na majimaji. Chokaa hiyo ndiyo inayoufanya unga ushikamane, na ndiyo yenye ile harufu utakayoikuta kwenye kila chapati ya Kimeksiko. Pembeni ya boksi kuna dumu la champurrado, ambacho ni uji mzito wa unga huohuo na chokoleti na mdalasini. Mtu wa uji ataufurahia sana. Nunua tamal moja kwa kila mtu na uji kikombe kimoja kwa wawili. Tamal mbili zinamaliza hamu ya kula hadi saa nane, na siku yenu itakuwa imeishia hapo.

Kati ya saa nne na saa saba mchana ndio wakati wa Ekwado. Tafuta encebollado, supu ya samaki jodari na muhogo, juu yake vitunguu vilivyolowekwa kwenye ndimu. Ni chakula cha asubuhi hadi mchana, cha wikendi hasa. Ukiiuliza jioni utapewa iliyolala. Inakuja na chifles, ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa zikakauka. Zivunje juu ya supu kidogo kidogo unapokula, ukizimwaga zote kwa pamoja zinalegea. Bakuli moja linatosha wawili.

Alasiri, kuanzia saa tisa, rudi 73rd na 74th Street, karibu na uwanja wanaouita Diversity Plaza. Huko ndiko kwa Wabangladeshi, Wanepali na Watibeti. Tafuta mkokoteni wa fuchka. Muuzaji anatoboa kwa kidole gumba kiputo cha unga kilichokaangwa kikavu, anakijaza viazi vilivyopondwa na dengu, anakwangulia yai la kuchemsha juu, kisha anakupa na kikombe cha maji ya ukwaju yenye pilipili. Mimina maji kwenye kiputo kimoja, kiweke kizima mdomoni, ndipo uende kwenye kingine. Ukivijaza vyote ukwaju ili upige picha, cha tatu kitakuwa kimepasukia mkononi. Pilipili ikikutisha sema "jhal kom", yaani pilipili kidogo.

Momo, vile viandazi vidogo vilivyojazwa nyama, zifuate kwenye saa kumi na mbili jioni. Sahani kwa kawaida ina vipande nane, na za mvuke ndizo za kuanzia. Za Kitibeti zina ganda nene kidogo na nyama ya ng'ombe yenye majimaji. Za Kinepali ganda jembamba, viungo vingi zaidi na achari ya nyanya. Zisichomwe kwa uma. Uma unamwaga mchuzi wote kwenye sahani. Shika kwa vidole, ng'ata tundu dogo ukingoni, nyonya mchuzi, kisha malizia. Ukiambiwa usubiri dakika 15, kaa: zinafungwa na kupikwa sasa hivi.

Bizari_Nzima

Naongezea upande wa nguruwe na karanga, kwa sababu mpangilio wa Mama Upawa ni mzuri ila una mitego kwa watu hawa wawili.

Nguruwe kwanza. Tamales za Kimeksiko kwa kawaida unga wake unakandwa na mafuta ya nguruwe, hata zile za kuku na za jibini. Kuuliza "kuna nguruwe?" hakutoshi, maana muuzaji anafikiria nyama iliyomo ndani na atakujibu hakuna. Uliza mafuta: "¿La masa lleva manteca?" Akikubali, iache. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea na watakwambia wazi. Maharage ya kukaanga yana swali hilohilo. Kwenye mikokoteni ya taco (chapati ndogo za Kimeksiko zilizokunjwa na nyama), al pastor ni nguruwe, na hata ukiagiza ng'ombe nyama inageuzwa kwenye bati moja na kwa kisu kimoja. Kwa asiyetaka hata mafuta yake, mikokoteni hiyo si ya kuhatarisha.

Mbadala wa asubuhi upo, nao ni mtamu: arepa de choclo ya Kikolombia, kwenye Roosevelt hiyohiyo. Ni mahindi mabichi yaliyosagwa, yakachomwa kwenye bati na siagi, ikakunjwa na jibini nyeupe katikati. Na champurrado haina mafuta hayo.

Eneo la 73rd Street sehemu nyingi ni halali na wameandika mlangoni. Momo, soma ubao: ng'ombe na kuku ndizo za kawaida, lakini baadhi ya majiko yana na za nguruwe na yanapikia kwenye chungu kimoja cha mvuke. Uliza chungu, usiishie kwenye nyama ya ndani.

Sasa karanga. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Kihispania cha Queens kina maneno mawili. Mmeksiko anasema cacahuate. Mkolombia na Mwekwado wanasema maní. Ukimwuliza Mwekwado kuhusu cacahuate anaweza asikuelewe na akajibu hapana kwa adabu. Yatamke yote mawili. Vyakula vya kuviogopa ni hivi: guatita ya Ekwado (utumbo kwenye mchuzi wa karanga), mole ya Kimeksiko, salsa macha (ile pilipili ya mafuta yenye chembechembe), kare-kare ya Kifilipino pale Woodside, na jhal muri ya Kibangladeshi, bisi za mchele ambazo huchanganywa na karanga na dengu kavu. Achari ya momo ya Kinepali husagwa na ufuta, na wengine hutia karanga humohumo. Kwa hiyo momo bila achari, au uliza "badam?" kabla haijamiminwa.

Kwa Flushing tengeneza kadi. Muombe mtu anayejua Kichina akuandikie sentensi moja: nina mzio wa karanga na mafuta ya karanga, nikila naweza kufa. Maneno makali ndiyo yanayofikishwa jikoni. Na sindano ya dawa ya mzio, kama daktari amempa, iwe mfukoni mwake mwenyewe, isibaki hotelini.

Kigae_cha_Chungu

Mimi natofautiana kidogo na Mama Upawa kwenye idadi. Tamal, encebollado, fuchka na momo siku moja ni sawa kwenye karatasi, lakini kutoka 74th hadi 103rd Street ni kama kilomita mbili na robo, kwenda na kurudi mara mbili, na joto la Juni. Vituo vitatu kwa siku vinatosha, sahani moja kwa wawili kila kituo, na angalau saa mbili na nusu katikati. Kituo cha nne kikija chenyewe, sawa.

Flushing nayo waipe nusu siku yake, wasiiweke mwishoni wakiwa wameshiba. Shuka mwisho wa reli, Flushing–Main St. New World Mall iko hapo kwenye kona ya Main na Roosevelt, na ukumbi wa chakula uko chini kabisa. Zunguka mara moja bila kununua kitu, dakika kumi, ukiangalia mambo mawili: vibanda ambavyo mikono inafanya kazi mbele yako (anayevuta tambi, anayefunga maandazi ya mvuke), na kile ambacho wazee wanaokula peke yao wamekiagiza. Wanaokula peke yao wamekuja kwa ajili ya sahani hiyo moja.

Tambi za kuvutwa kwa mkono zina kipimo chake: bonge la unga linapigwa mezani, linavutwa urefu wa mikono miwili, linakunjwa, linavutwa tena. Kila kukunja kunazidisha nyuzi mara mbili, kwa hiyo mara saba ni nyuzi 128. Zile pana zinachaniwa tu kwa vidole. Agiza za mwana-kondoo na bizari nzima. Hizo zimetoka magharibi ya China, kwa Waislamu wa huko, na mla pilau atajua bizari ile kabla sahani haijafika mezani. Usizifungashe. Baada ya dakika kumi ndani ya boksi zinashikana zikawa donge moja, na wauzaji wenyewe watakwambia ule hapohapo. Lakini kwa masharti yenu ulizeni kama kibanda ni halali na kama mafuta ya pilipili yana karanga. Kondoo kwenye ubao hakumaanishi hakuna nguruwe jikoni.

Mtego mkubwa wa bajeti Flushing ni vibanda vya kujichotea mboga na nyama zikapikwa kwa pilipili ya kuchoma na ile ya kutia ganzi mdomoni. Bei inaandikwa kwa ratili, na ratili ni gramu 454. Bakuli wanalokupa ni kubwa, nawe unajaza. Viazi, tofu na mizizi ya yungiyungi ndivyo vizito. Mboga za majani na uyoga ni vyepesi na ndivyo vinavyonyonya mchuzi vizuri. Kwa wawili, ratili moja na nusu inatosha. Simama kwenye mzani usome namba kabla hawajamimina kwenye karai. Pilipili chagua ya chini kabisa mara ya kwanza. Ile ganzi inaongezeka kadri unavyokula.

Kwa asiyekula nguruwe kuna kimbilio moja Flushing ambalo halina maswali mengi: kantini ya hekalu la Kihindu la Ganesha, Bowne Street, mwendo wa dakika 20 hivi kutoka kituoni. Iko chini ya hekalu, nyama hakuna kabisa. Dosa (chapati nyembamba za Kihindi za mchele na dengu) zinatolewa kwenye bati muda wote, unalipa, unapewa namba, unasubiri kuitwa. Chatne ndiyo ya kuulizia karanga.

Sufuria_Safarini

Asanteni sana. Hiyo ya cacahuate na maní nisingeijua kamwe. Maswali mawili. Pilau ya Wayahudi wa Uzbekistan nasikia iko Queens, ni wapi na inafananaje na yetu? Na soko la usiku la Jumamosi linafaa kwa bajeti yetu? Pia mtu wa fedha atusaidie: kodi, bakshishi, na zile herufi za madirishani.

Mwiko_Mkavu

Nichukue pilau na chapati, ndizo ninazozijali zaidi.

Unaongelea Wayahudi wa Bukhara, wako Rego Park na Forest Hills, uti wa mgongo wao ni 108th Street. Kutoka Jackson Heights panda E hadi Forest Hills–71 Av, kisha ingia 108th. Chakula chenyewe wanakiita plov. Kipimo cha zamani ni rahisi: mchele kilo, karoti kilo, nyama kilo. Karoti hukatwa njiti kwa kisu. Zikikwanguliwa zinapondeka na kuwa uji ndani ya sufuria. Viungo karibu vyote ni bizari nzima; usitafute karafuu, iliki wala mdalasini. Utamu unatoka kwenye karoti zilizokaangwa pamoja na vitunguu na nyama kabla ya maji kuingia. Mchele unatandazwa juu na haukorogwi hadi uive, ndiyo maana unaletewa mchele juu au nyama juu, kutegemea walivyopindua. Anayetarajia pilau ya pwani atasema haina viungo. Aonje karoti kwanza, peke yake, halafu aamue.

Agiza na mkate wa tanuri, ule wa duara wenye muhuri katikati. Chai ni ya kijani, kwenye vibakuli visivyo na mkono. Ya maziwa usiulize palipo na nyama, kwa sababu sheria ya kosher, yaani ya chakula cha Kiyahudi, haichanganyi viwili hivyo. Faida yenu ni kubwa: palipo na cheti cha kosher nguruwe haingii, hata kwa mafuta. Na zingatia sana: wanafunga Ijumaa kabla ya jua kuzama na hawafungui hadi Jumamosi usiku, wengine hadi Jumapili.

Chapati ziko South Richmond Hill, Liberty Avenue, kwa watu wa Guyana na Trinidad. Panda treni ya A iliyoandikwa Ozone Park–Lefferts Blvd. A nyingine inakwenda Rockaway na njia zinaachana, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye behewa, herufi peke yake haikusaidii. Wahindi walianza kupelekwa Guyana kwa mikataba ya kazi za mashamba ya miwa mwaka 1838, na utaratibu ule ulikoma 1917. Chapati ilibaki. Waguyana wanaipika, wanaitoa ikiwa moto na kuipiga makofi hewani hadi tabaka zake ziachane. Ukiingia mapema utaisikia kabla hujaiona. Dhalpuri ni ile iliyojazwa dengu zilizosagwa kavu. Imetengenezwa vizuri kama ukiikunja mara nne na dengu hazimwagiki.

Kifungua kinywa cha kwanza cha Liberty Avenue kiwe doubles: viandazi viwili bapa na laini, kati yake dengu za mchuzi, tango na ukwaju. Hakuna nyama. Sema "slight" wakikuuliza pilipili, hiyo ni tone tu, na tone lenyewe si la mchezo. Karatasi ndiyo sahani: ifungue kwenye kiganja, chana kiandazi cha juu ukichotee dengu.

Na pepperpot, kama mtaikuta, iagizeni kwa ajili ya muhogo. Mchuzi ule mweusi unatokana na maji ya muhogo mchungu. Yanakamuliwa, yakachemshwa muda mrefu hadi sumu ikatoka na kubaki mzito kama asali, wanauita cassareep. Anayejua muhogo mchungu unavyoua ataiheshimu sufuria hiyo. Ulizia nyama, kwani hupikwa na ng'ombe au na nguruwe.

Pesa_za_Sokoni

Fedha. Bei ya kwenye ubao haijajumlisha kodi. Chakula kilichopikwa New York City kina kodi ya asilimia 8.875. Ukikaa mezani ukahudumiwa, bakshishi ni asilimia 18 hadi 20, nayo si hiari kwa maana ya kwetu, kwa sababu mshahara wa mhudumu unaitegemea. Njia ya haraka: soma kodi kwenye risiti, izidishe mara mbili, ongeza kidogo. Sahani ya dola 12 basi ni karibu dola 15.50 ukiinuka. Kwenye mkokoteni au kaunta hulazimiki. Skrini itakuuliza, bonyeza sufuri bila wasiwasi, au acha dola moja kama wamekuhudumia vizuri. Beba noti za dola 1 na 5. Mikokoteni mingi haina chenji ya 50, na vibanda vingi vya Flushing na Jackson Heights havipokei kadi.

Herufi za dirishani ni ukaguzi wa afya wa jiji, ulioanza 2010. Makosa yanahesabiwa alama: 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, 28 na kuendelea ni C. Mkokoteni wenye kibali nao una herufi. Lakini akina mama wa tamales wengi hawana kibali, maana idadi ya vibali vya kuuza chakula barabarani iliwekewa kikomo mwaka 1983 na foleni imekuwa ya miaka. Kwa hao tumia macho: mvuke utoke boksi likifunguliwa, na mkono unaoshika pesa usishike chakula. Na tafadhali sana, msiwapige picha za uso. Faini kwao ni mapato ya siku nyingi. Piga picha ya chakula kikiwa mkononi mwako.

Soko la usiku, Queens Night Market, liko Flushing Meadows Corona Park, nyuma ya New York Hall of Science, kituo cha 111 St cha treni 7. Jumamosi, saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Lilianza 2015 kwa sharti la bei, chakula kisizidi dola 5, baadaye vichache vikaruhusiwa dola 6, kwa hiyo kwa bajeti yenu hakuna mahali pazuri zaidi. Juni lipo, linasimama mwishoni mwa Agosti wakati wa mashindano ya tenisi. Fikeni saa kumi na nusu. Kufikia saa moja usiku foleni za vibanda maarufu zinachukua dakika 40, na kufikia saa tatu wengine wameishiwa. Mbinu ni mtu mmoja kusimama foleni ndefu na mwingine kuleta viwili kutoka foleni fupi, mnakula mkiwa kwenye mstari.

Sufuria_Safarini

Nimepanga hivi, nikosoeni. Ijumaa: asubuhi arepa Roosevelt, mchana Flushing, jioni plov 108th Street. Jumamosi: asubuhi doubles Liberty Avenue, mchana kupumzika, jioni soko la usiku. Jumapili: encebollado saa nne, fuchka saa tisa, momo jioni.

Mwiko_Mkavu

Plov ya Ijumaa jioni haitawezekana, ndugu. Juni jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, lakini majiko yanaanza kufunga mapema alasiri ili watu wajiandae na Sabato. Ihamishie Jumapili mchana, saa saba, na plov ya mapema ndiyo nzuri, kwa sababu sufuria kubwa inapikwa mara moja na ikiisha imeisha. Momo zipeleke Ijumaa jioni, ukitoka Flushing kwa treni 7 hadi 74 St. Encebollado iache Jumapili saa nne kama ulivyoweka, bakuli moja kwa wawili, msiongeze kitu hadi saa saba.

Bizari_Nzima

Na Jumamosi kwenye soko la usiku kadi ya mzio iwe na Kiingereza pia, maana wauzaji wanatoka nchi nyingi na Kiingereza ndicho wanachoshirikiana. Vibanda vyenye mafuta ya kukaangia ya pamoja wenye mzio waviruke. Uliza moja kwa moja: mafuta haya yamekaanga nini kingine leo?

Sufuria_Safarini

Nimehamisha plov Jumapili saa saba na momo Ijumaa. Fuchka imebaki Jumapili, ila nimeisogeza hadi saa kumi na nusu, ili kuwe na nafasi baada ya plov.

Mama_Upawa

Hapo sawa. Ila Jumapili alasiri 73rd Street inajaa familia, kwa hiyo fuchka uagize sahani moja kwanza, mle mkiwa mmesimama palepale mkokotenini. Ukimaliza ya kwanza ndipo uagize ya pili, iandaliwe mbele yako.